Siku kumi na moja na kinasa sauti, Dar hadi Lamu

Siku ya 1: Dar es Salaam hadi Tanga

Basi la saa kumi na mbili asubuhi, stendi ya Mbezi. Kondakta anataka begi liende kwenye buti, mimi sitaki. Ndani mna vinasa sauti viwili, maikrofoni nne za kubana kifuani, hedifoni, diski mbili, pawabenki tatu na soksi kuukuu za mwanangu, ambazo kazi yake itajulikana kesho. Mama niliyekaa naye akaniuliza kama mimi ni mwandishi wa habari. Nikamwambia nafanya kazi chuo kikuu, tunaifundisha kompyuta kusikia Kiswahili.

"Kwani haisikii?"

Inasikia, mama, ila inategemea nani anasema. Akisema mtangazaji wa taarifa ya habari, modeli yetu inaandika karibu kama karani. Akisema mvuvi, inaandika vitu vya kutia aibu. Ndiyo maana ya safari hii: kurekodi watu wa pwani wakizungumza, si wakisoma, kuanzia Tanga hadi Lamu, kadiri pesa za mradi zitakavyofika.

Hapo kwenye kusoma ndipo penye ugonjwa. Sauti nyingi zenye maandishi zinazotumika kufundishia lugha zetu zimetokana na mtu kusoma. Common Voice ya Mozilla inakuwekea sentensi kwenye skrini, unaisoma. Mradi wa MMS wa kampuni ya Meta, wa mwaka 2023, uliofikisha lugha zaidi ya 1,100, ulitegemea zaidi Agano Jipya lililosomwa na kurekodiwa. Ni kazi kubwa, na mimi mwenyewe naitumia. Lakini mtu akisoma anajinyoosha, kama anayepigwa picha ya pasipoti. Hakuna mtu anayemwita mwanawe kwa sauti hiyo.

Chalinze, Segera, Muheza na machungwa yake dirishani. Tanga tumeingia baada ya saa saba mchana. Nimelala.

Siku ya 2: Tongoni

Bodaboda hadi Tongoni, kusini mwa mji, kwenye magofu ya msikiti na makaburi ya kale. Huku ndiko Mtang'ata, na wazee wake bado wana Kimtang'ata chao. Nilikaa na wavuvi wanne waliokuwa wakishona nyavu chini ya mwembe. Soksi za mtoto zikavishwa maikrofoni. Sifongo ya dukani haiuwezi upepo wa bahari. Mzee mmoja akacheka, akasema hata chombo cha serikali kimevaa viatu. Nikamwambia si cha serikali. Hakuamini.

Nilirekodi saa mbili na robo. Wavuvi hawazungumzi kwa zamu kama kwenye redio. Wanaingiliana, wanamalizia sentensi za wenzao, mmoja anakohoa, mwingine kinywani ana uzi, na "nitakuja" inatoka "ntakuja" tena nusu imemezwa.

Usiku nikapitisha rekodi kwenye modeli yetu na kwenye modeli nyingine kubwa ya kigeni, kulinganisha tu. Kuna mahali wazee walinyamaza sekunde kama kumi, yanasikika mawimbi peke yake. Yetu ikaandika "shi shi". Ile kubwa ikaandika sentensi nzima, sarufi safi, ya kuwashukuru wasikilizaji na kuwaaga hadi wakati mwingine. Modeli za aina hiyo zinajulikana kwa hili: zimejifunza kwamba kila sauti ina maneno, basi yasipokuwepo zinayatunga. Nilicheka peke yangu chumbani, kisha nikafikiria kama yale yangekuwa maelezo ya mgonjwa kwa daktari.

Siku ya 3: Tanga

Mvua. Sikutoka. Kijana wa hapa alijitolea kunikusanyia sauti kwa kuwapigia ndugu zake simu na kurekodi. Nikamshukuru, nikakataa. Simu ya kawaida huchukua vipimo 8,000 vya sauti kwa sekunde, na chochote kilicho juu ya kilohezi 4 kinapotea. Huko juu ndiko "s" na "f" zinakotofautiana. Modeli nyingi, yetu ikiwemo, hutaka vipimo 16,000. Sisi tunarekodi kwa 48,000 halafu tunapunguza nyumbani, kama mtu anayenunua kanga ndefu ajue pa kukata.

Siku ya 4: Horohoro, Lunga Lunga, Likoni

Mpaka wa Horohoro umepitika haraka. Mashariki ya barabara, upande wa Vanga, kuna Wavumba na Kivumba chao, ila sikupangiwa huko. Nilishuka Msambweni kwa saa tatu kuonana na akina mama wa Kidigo.

Hapa nilitaka kujaribu kitu. Modeli yetu hatukuianza sifuri. Tulichukua modeli ya XLS-R ya mwaka 2021, iliyosikilizishwa saa 436,000 za sauti za lugha 128 bila maandishi yoyote: inafunikiwa kipande, inabashiri kilichofunikwa, inakosea, inajisahihisha, usiku kucha. Kisha sisi tukaimalizia kwa Kiswahili kidogo chenye maandishi. Faida ya kulelewa na lugha nyingi ni kwamba sauti ngeni haziishangazi. Basi nikataka kujua, ikisikia Kidigo, itafanyaje?

Mama mmoja akanieleza habari za kisima chao, Kidigo kitupu. Alisema "madzi" labda mara ishirini. Mashine ikaandika "maji" mara ishirini, na kuzunguka hayo maji ikajenga maneno yenye sura ya Kiswahili yasiyo na maana hata kidogo. Ile sehemu ya kutambua lugha ikaapa kuwa hiki ni Kiswahili. Yule mama anasoma vizuri. Aliangalia skrini, akaniuliza kwa upole kama anayeuliza hali ya mgonjwa: "Huyu ni Mswahili mlevi?"

Jioni kivuko cha Likoni, nimebanwa kati ya mkokoteni wa madafu na mwalimu wa madrasa. Hedifoni masikioni, narekodi kelele za kivuko kwa makusudi. Kelele nazo ni data. Tutazichanganya na sauti safi ili modeli izoee dunia ilivyo.

Siku ya 5: Mombasa

Siku ya leo nitaieleza polepole.

Nimepelekwa Kibokoni, Mji wa Kale, kwa mzee aliyekuwa nahodha. Barazani kuna kahawa chungu na kashata, na paka asiyeheshimu waya. Mzee alitaka kwanza kujua mimi wa wapi. Nilipomwambia mzaliwa wa Morogoro, akasema pole, kisha akaanza kunisomesha bila kuombwa.

"Sema kaa."

"Kaa."

"Lipi? La moto au wa baharini?"

Nikarudia, nikasema vilevile. Akatikisa kichwa. Kaa la moto halina pumzi. Kaa wa baharini unamtoa na pumzi, k'aa. Akaweka kiganja changu mbele ya mdomo wake nihisi. Kweli. Tembo wa porini ana pumzi, tembo la mnazi halina. Paa wa mwituni ana pumzi, paa la nyumba halina. Kisha akaingia kwenye "t". Kuteka, kwake, ni kucheka. Na kuteka maji ni kuteka maji. Na "t" hizo mbili ulimi hauzigusishi mahali pamoja, moja ni ya meno na nyingine ya ufizi. Mimi nina shahada tatu na sikuweza kuzitenganisha kwa sikio hadi aliponifokea.

Modeli yetu hukata sauti katika hatua za milisekunde 20. Hiyo pumzi ya kaa ni ndefu kuliko hatua moja. Kwa hiyo mashine imeisikia. Ila haina pa kuiandika, kwa kuwa tahajia yetu ya Sanifu haina alama yake.

Nilimwomba mzee aseme lolote, nami nikamwashia programu aone maandishi yakitokea. Alikuwa anakumbuka siku aliyomzuia mwanawe asipite kichochoro kibaya: "Nilimwambia ndoo, ndia hiyo mbaya."

Skrini ikaandika: *nilimwambia ndoo njia hiyo mbaya*.

Mzee akavaa miwani. Akasoma kwa kidole, neno kwa neno.

"Ndoo imeniandikia. Ndia imenikosoa."

Nikamweleza: "ndoo" yake, yaani njoo, imepona kwa bahati, kwani mashine inaijua ndoo ya maji, kila nyumba inayo. "Ndia" haijawahi kuiona ikiandikwa, basi imekwenda kwenye neno la karibu inalolijua.

"Na nani kaiambia kuwa nimekosea?"

Sikuwa na jibu la kumpa pale. Nilipofika chumba cha wageni nikafungua diski ya mwaka jana. Tulikuwa na saa kadhaa za Mombasa zilizorekodiwa na mwanafunzi wetu na kunukuliwa na vijana wa Dar, hodari, wasiokosea herufi. Nikaweka hedifoni, nikafuata maandishi kwa macho. Mwanamke anasema "mato", imeandikwa *macho*. Mtu ana "ndaa", imeandikwa *njaa*. "Ndoo", *njoo*. "Ndia", *njia*, kila mahali. Vijana hawakudanganya. Niliwaambia mwenyewe, kwa maandishi, kwenye mwongozo wa unukuzi, kifungu cha nne: tumia Kiswahili sanifu. Nikakifungua nikakisoma tena. Kifungu cha nne nilikiandika mimi.

Basi aliyeiambia mashine kuwa mzee amekosea ni mimi.

Halafu mahali penyewe! Ni hapahapa Mombasa, Juni 1928, wakubwa wa kikoloni walipokutana na kukubaliana kwamba Kiswahili cha vitabu kitakuwa Kiunguja, siyo Kimvita cha hapa; miaka miwili baadaye, 1930, ikaundwa kamati ya kukisanifisha. Mzee anaijua habari hiyo kama mtu anavyojua kesi ya shamba la babu yake.

Siku ya 6: Mombasa

Asubuhi nzima simuni na mwenzangu wa Dar, yule anayeshughulika na mitambo. Nilimwambia tunaandika upya. Akaniuliza kama nina homa.

Hoja yake siyo mbaya. Mtu akiongea na simu anataka kupata ramani, na ramani imeandikwa "njia". Ukimwandikia "ndia" hatapata kitu. Tena tutavuruga kipimo. Kipimo chetu kinahesabu maneno yaliyobadilishwa, yaliyorukwa na yaliyochomekwa, kinagawanya kwa idadi ya maneno ya maandishi ya mnukuzi. Kwa Kiswahili tayari ni kipimo katili: "hawajatuambia" ni neno moja, herufi moja ikiteleza neno zima limekufa. Hata "sikumwona" na "sikumuona" zinahesabiwa kosa, ilhali ni mtu yuleyule hakuonekana.

Nikamwambia, sikiliza, hicho kipimo kinalinganisha mashine na karani. Msemaji hayumo kabisa. Mwaka jana tulifurahi Mombasa imeshuka makosa. Tulichopima ni jinsi mashine ilivyojifunza kukosoa watu kwa mtindo wetu.

Kimya. Nikadhani simu imekatika.

"Kwa hiyo mistari miwili," akasema.

Mistari miwili. Wa juu, alichosema mtu kama alivyokisema. Wa chini, Sanifu. Anayetaka ramani atumie wa chini, modeli ijifunze yote mawili na iambiwe ipi ni ipi. Gharama ndiyo maumivu: saa moja ya mazungumzo ya barazani hutuchukua saa nane hadi kumi kunukuu, na sasa iwe mara mbili. Na mstari wa juu hawezi kuuandika kijana wa Dar, wala mimi. Jioni nikarudi Kibokoni kuuliza kama kuna binti au kijana wa mtaa anayejua kompyuta. Walijitokeza saba.

Siku ya 7: barabarani hadi Lamu

Kilifi, Malindi, Garsen, Witu. Vizuizi vya polisi, vitambulisho, kushuka, kupanda. Mokowe tumepata boti saa kumi jioni. Mgongo umekwisha.

Siku ya 8: Lamu

Bibi wa Langoni, nyumba ya ndani kabisa, ua wenye mkomamanga. Alikataa maikrofoni kubanwa kwenye leso mpaka nimbanie kwanza mjukuu wake, aone haing'ati. Kisha akazungumza saa nne. Hiki ni Kiamu kisichojua kuna mtu anasikiliza: "zitu" kwa vitu, "zombo" kwa vyombo, "moya" kwa moja, "mai" kwa maji. Nilikaa nikiandika daftarini na kujiona mgeni katika lugha yangu, jambo ambalo, nadhani, kila anayefanya kazi hii lingempata mara moja kwa mwaka lingemfaa.

Kisa chake kikubwa ni cha punda. Punda wake wa kubeba mawe aliteleza gatini na shehena yake, mawe yakazama, punda hakuzama. Maji yalikuwa yanakupwa, yakamchukua. Bibi, wakati huo msichana, akakimbia ufukweni akimwita, "Ndoo! Ndoo!" na watu wakitoka madukani kutazama. Aliigiza sauti yake ya usichana, akaigiza na ya punda. Mjukuu alilala chini kwa kicheko.

Hapo ndipo nilipotupa jicho kwenye kinasa na kuona taa haiwaki. Asubuhi nilikuwa nimesahau kadi kubwa ndani ya laptopu, nikatumbukiza ile ndogo ya gigabaiti 4, na maikrofoni mbili kwa 48,000 huila kadi hiyo kwa muda usiozidi saa nne. Imejaa punda akiwa katikati ya mkondo. Dakika kumi na moja zimepotea, mwisho wote wa kisa. Nikamwomba arudie. Akanitazama.

"Nimeshakwambia, mwanangu."

Mwisho wenyewe niliusikia kwa masikio. Punda alitokea kijijini Shela, mwani umemfunika kichwa na macho, na watoto wa huko wakapiga vigelegele kwamba bi harusi kaja kavaa shela. Kuamini ni hiari.

Siku ya 9: Matondoni

Kwa mafundi wa majahazi. Fundi mkuu alikuwa anatia kalafati, pamba na mafuta kati ya mbao, nyundo ndogo, mdundo mmoja usiobadilika. Mashine imeandika "kala fati", mara nyingine "kala fatia". Keekee, ya kutobolea mbao, ikaiandika "kekee" na mara moja "kicheko".

Nilimsomea fomu ya ridhaa. Kenya ina sheria ya kulinda data tangu 2019, na sauti ya mtu ni data inayomtambulisha. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha nyundo. Kisha: "Nikibadili nia, utaitoa?"

Rekodi nitaifuta, nikamwambia. Lakini kama modeli imeshafundishwa, yale iliyojifunza kwake yamechanganyika na ya wengine wote, siwezi kuyachomoa kama uzi. Ningefundisha upya bila yeye, na hiyo ni pesa.

"Kama mafuta kwenye mbao."

"Kama hayo."

Akafikiri. Akakubali, kwa sharti kwamba pale alipozungumzia kiwanja cha ndugu yake nifute leo hii, mbele yake. Nikafuta mbele yake. Akanitaka nifungue nimwonyeshe kuwa imefutika, nikamwonyesha.

Siku ya 10: kurudi Mombasa

Basi lilelile, vizuizi vilevile. Mabinti wawili wa Kibokoni wameshanukuu dakika kumi na mbili za mzee kwa mistari miwili. Kwenye mstari wa juu wamebuni alama yao ya pumzi, nukta juu ya herufi, bila kuniuliza. Wanagombana kuhusu "t". Sikuingilia.

Hesabu ya safari: saa 26 na dakika 40. Zinazofaa, nikitoa upepo na jenereta, labda 18.

Siku ya 11: Horohoro

Ofisa wa mpakani, kijana wa Tanga kwa lafudhi, aliifungua begi na kuzitoa diski.

"Humu mna nini?"

"Sauti."

"Sauti za nani?"

"Za wazee."

"Hebu nisikie."

Nikafungua laptopu mezani kwake, nikabonyeza faili ya juu kabisa. Ilikuwa ya bibi wa Langoni. Ofisa akasimama na diski mkononi. Akamwita mwenzake, mwenzake akaja na chai yake. Foleni nyuma yangu ikaanza kunung'unika, kisha waliokuwa karibu nao wakanyamaza. Bibi anakimbia ufukweni, punda anakwenda na maji, "Ndoo! Ndoo!", halafu kimya.

"Ikawaje?" akauliza ofisa.

Nikamweleza kadi ilivyojaa.

"Lakini wewe ulikuwepo. Ikawaje?"

Basi nikamhadithia palepale dirishani, mawe, mkondo, Shela, mwani, vigelegele. Walicheka wote wawili, chai ikamwagika kwenye kitabu cha wageni. Alinirudishia diski na pasipoti. Nilikuwa nimeshakaa garini, tumeipita Duga, nilipokumbuka nilivyomwita yule punda. Nilisema "njoo".